Nani Anastahili Mita Saba?

Neno ulimbwende linatuponza. Mtaani mlimbwende ni yule dada anayepita jukwaani na utepe begani, au kijana anayekaa saa nzima mbele ya kioo kabla ya kwenda harusini. Halafu tunaingia kwenye darasa la fasihi tunaambiwa kwamba ulimbwende ni mkondo wa sanaa uliotamba Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kwamba ulitukuza hisia, maumbile na nafsi ya msanii, na kwamba baadaye ukaja uhalisia, ukaufukuza kwa kuonyesha maisha kama yalivyo. Mistari minne, alama mbili za mtihani, basi. Aliyesoma hivyo, siku akikutana na picha inayotajwa kuliko zote za walimbwende wa Ufaransa, lazima ashtuke. Ni chelezo kilichojaa maiti.

Leo nataka tukae na picha hiyo, pamoja na nyingine iliyochorwa miaka 30 baadaye na mtu aliyejiona kuwa amekuja kuizika. Nimezitazama mara nyingi mno, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ile mistari minne inavyozidi kunikera. Walimbwende na wanauhalisia hawakugombana kuhusu uzuri na ukweli. Kwa ninavyoona mimi, waligombana kuhusu maiti. Mtu wa kawaida akifa, msanii amfanye nini? Amwinue mpaka kifo chake kipate maana, au amlaze pale alipolala na kutuachia sisi kazi ya kuitafuta hiyo maana?

Kwanza vipimo, kwa sababu sisi tunaotazama sanaa kwenye simu tunadhulumiwa. Kwenye simu kila kitu kina ukubwa wa kiganja, kazi ya miaka miwili na tangazo la sabuni ni sawasawa. Chelezo cha Medusa cha Théodore Géricault kina mita 4.91 kwenda juu na mita 7.16 kwenda upande. Coaster ya abiria, ile ndefu, haifiki hapo. Na katika Paris ya wakati ule turubai la ukubwa huo lilikuwa na wenyewe: wafalme, watakatifu, miungu ya Kigiriki, Napoleon na vita vyake. Wakubwa wa sanaa walikuwa wamezipanga picha kwa madaraja, na daraja la juu kabisa liliitwa picha za historia. Mama anayemenya mboga, mlevi kilabuni, mkulima na ng'ombe wake, hao walichorwa pia, tena vizuri tu, ila kwenye vipande vidogo vya kutundika sebuleni. Ukubwa ulikuwa cheo. Ukimchora mtu kwa mita saba umetangaza kwamba maisha yake ni historia.

Sasa, Géricault aliwapa mita saba akina nani?

Julai 1816 manowari ya Kifaransa iitwayo Medusa ilikuwa njiani kwenda Saint-Louis, Senegal, kulipokea koloni ambalo Waingereza walikuwa wanalirudisha kwa Ufaransa. Nahodha wake, Hugues Duroy de Chaumareys, aliupata unahodha huo kwa utiifu wake kwa ufalme uliorejea baada ya Napoleon kuangushwa. Kwa miaka kama 20 alikuwa hajaenda baharini. Tarehe 2 Julai akaipandisha meli juu ya fungu la mchanga, karibu na pwani ya Mauritania ya leo. Ndani yake mlikuwa na watu karibu 400, na mashua hazikutosha. Wakubwa wakaingia kwenye mashua. Watu wapatao 147, wengi wao askari wa kawaida na mabaharia, wakarundikwa kwenye chelezo kilichofungwafungwa kwa milingoti na mbao za meli, kwa ahadi kwamba mashua zingekivuta hadi nchi kavu. Baada ya mwendo mfupi kamba zikaachiwa. Mtaani tukisema fulani kakata kamba tunamaanisha kafa. Hawa waliachiwa kamba na wenzao wakiwa hai.

Siku 13 baadaye meli nyingine, Argus, ikakuta watu 15. Katikati ya hapo yalitokea mambo ambayo hata kuyasimulia ni taabu: kuuana gizani, kulewa mvinyo uliokuwemo, kula nyama za waliokufa, na mwishowe wenye nguvu kuwatupa majeruhi baharini ili mvinyo uliobaki uwatoshe wazima. Tunayajua haya kwa sababu wawili walionusurika, daktari Savigny na mhandisi Corréard, waliyaandika wenyewe, na mwaka 1817 kitabu chao kikawa aibu kubwa kwa serikali.

Géricault alikuwa hajafikisha hata miaka 30. Alifanya kazi ambayo leo tungeiita uandishi wa habari za uchunguzi. Aliwatafuta Savigny na Corréard akawahoji. Seremala wa Medusa, naye mmoja wa walionusurika, akamjengea mfano mdogo wa chelezo. Akanyoa kichwa ili asipate tamaa ya kutoka kwenda kwenye starehe za mji, akajifungia studioni, akaleta viungo vya maiti kutoka hospitali na kuvichora vikiharibika. Picha moja ya viungo hivyo, mkono na miguu iliyokatwa vikiwa vimelazwa pamoja kama vitu vya mezani, iko kwenye jumba la makumbusho la Montpellier hadi leo. Hakuna hata mwanauhalisia mmoja aliyekuja baadaye ambaye naweza kusema alimzidi kwa utafiti.

Halafu tazama alichotuletea. Watu waliokaa siku 13 karibu bila chakula wana vifua na mapaja ya wapiga makasia. Hakuna mbavu zinazohesabika, hakuna macho yaliyozama, ngozi hazijababuka kwa jua la pwani ya Afrika. Misuli ile haikutoka kwa Savigny. Ilitoka Italia, kwa Michelangelo, ambaye Géricault alikwenda kuzitazama kazi zake miaka miwili tu kabla. Maiti za mbele zimelala kwa heshima. Mzee mmoja amempakata kijana aliyekufa mapajani mwake, na mtu yeyote aliyelelewa kanisani anajua ule mkao ameuona wapi. Kuhusu kula watu, kimya. Kuhusu majeruhi waliotupwa baharini, kimya.

Na kila kitu kinapanda. Anza na maiti chini kushoto, fuata mshazari: kutoka kwa waliokufa hadi kwa wanaokufa, hadi kwa wanaojiinua kwa viwiko, hadi kwa wanaonyoosha mikono, hadi juu kabisa kulia ambako mtu mmoja amepandishwa kwenye pipa akipunga kitambaa. Mtu huyo ni mweusi. Mmoja wa watu waliokaa mbele ya Géricault ili achorwe aliitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, nchi tunayoiita Haiti. Mwaka 1819, ufalme umerudi, biashara ya watumwa imepigwa marufuku kwenye karatasi huku ikiendelea kimagendo, na kijana huyu anamweka mtu mweusi kwenye kilele cha piramidi ya binadamu, tumaini la wote likiwa mkononi mwake. Hilo siwezi kulipita kama jambo la bahati. Kabla hajafa, mwaka 1824 akiwa na miaka 32 tu, alikuwa ameanza michoro ya picha nyingine kuhusu biashara hiyo ya watumwa.

Mtu huyo anapungia nini? Kule mbali kwenye upeo wa macho kuna kidoa, ukiwa na haraka huwezi kukiona. Ndiyo Argus. Na kwa mujibu wa walionusurika, meli hiyo ilionekana kwanza kwa mbali, ikapotea kabisa, wakakata tamaa, ikarudi saa kama mbili baadaye. Géricault alichagua ile mara ya kwanza. Tena ukiliangalia tanga, upepo unakisukuma chelezo upande mwingine kabisa, kwenye wimbi kubwa lililojiinua kushoto. Kumbe tumaini analotupa si la bure. Amelitilia shaka hapohapo alipolichora. Anayesema walimbwende walikuwa waota ndoto hajaliangalia lile tanga.

Mimi simlaumu kwa ile misuli. Nadhani naielewa. Alitaka mabaharia na askari wa chini waingie kwenye ukumbi wa wafalme, na mlangoni palikuwa na mlinzi. Akawavalisha suti ya kuazima. Ukimpa baharia mwili wa shujaa wa Michelangelo, mlinzi hana la kusema, atampisha. Kwenye orodha ya Salon, yale maonyesho rasmi ya Paris, picha iliandikwa tu kama tukio la ajali ya meli, bila jina la Medusa, na kila aliyeingia alijua ni Medusa. Mwaka uliofuata ikapelekwa London, watu karibu 40,000 wakalipa kiingilio kuiona.

Ila suti ya kuazima ina gharama yake. Mtazamaji anatoka pale amejaa, kifua kimempanda, amewastahi wale 15. Wale 132 wengine, na hasa majeruhi waliotupwa na wenzao kwa hesabu ya vikombe vya mvinyo, hawana pa kukaa katika picha inayopanda hivyo. Mshazari hauwezi kuwabeba. Kwa hiyo wameachwa mara ya pili.

Mmoja wa watu waliokaa ili Géricault awachore alikuwa rafiki yake mdogo kwa umri, Eugène Delacroix, kijana wa miaka 20 hivi. Ndiye yule aliyelala kifudifudi mbele, mkono umenyooka, uso hauonekani. Nitamrudia. Kwa sasa inatosha kusema kwamba yeye ndiye aliyeurithi ufundi huu wa kupandisha. Uhuru Ukiwaongoza Watu, aliyoichora baada ya mapinduzi ya siku tatu za Julai 1830, ni piramidi ileile: maiti chini, walio hai katikati, kileleni mwanamke na bendera. Watu humtazama mwanamke. Mimi humtazama maiti wa chini kushoto, ambaye hana suruali, amebaki na shati na soksi mguu mmoja. Mtu hafi na soksi moja kwenye picha za mashujaa. Delacroix aliliona hilo, akaliweka, kisha akaturusha juu yake haraka ili tuifuate bendera. Serikali mpya iliinunua picha hiyo kwa faranga 3,000 halafu ikaona afadhali iifiche, maana watu wangeweza kuielewa.

Miaka minne baada ya mapinduzi hayo, serikali hiyohiyo iliyozaliwa mitaani ilituma askari wakaua watu ndani ya nyumba moja kwenye mtaa wa Transnonain. Honoré Daumier akachora tukio hilo juu ya jiwe likachapishwa kwa wino mweusi: chumba cha kulala, kitanda kimevurugika, mwanamume amevaa shati la kulalia amelala chali, na chini ya mwili wake kuna mtoto. Hakuna anayepunga kitambaa. Hakuna bendera. Polisi walizisaka nakala wakaziharibu. Hii ni karatasi ndogo ya kuchapwa, haikudai mita saba za mtu, lakini ukiniuliza uhalisia ulianza wapi Ufaransa nitakwambia ni kwenye chumba hicho, miaka 15 kabla ya yule anayedaiwa kuuanzisha.

Sasa twende Ornans.

Ornans ni mji mdogo mashariki mwa Ufaransa, kuelekea Uswisi, wenye mto na majabali meupe. Gustave Courbet alizaliwa huko mwaka 1819, mwaka uleule Chelezo kilipoonyeshwa. Mwishoni mwa 1849 alirudi nyumbani akaanza kuchora mazishi. Mazishi Ornans yana mita 3.15 kwenda juu na mita 6.68 kwenda upande. Yaani mtu wa kijijini kwao, ambaye jina lake hata halitajwi kwenye picha, kapewa karibu urefu uleule wa Medusa. Na hakuna meli iliyozama. Hakuna kashfa ya serikali. Mtu amekufa, wenzake wamekuja kumzika.

Watu zaidi ya 40 wamesimama safu moja ndefu, kwa ukubwa wa binadamu halisi: meya, padri, watumishi wa altare, wahudumu wa kanisa wenye majoho mekundu na pua nyekundu zaidi ya majoho, wanawake wenye vitambaa vyeupe machoni, wazee wawili waliovaa mavazi ya zama za Mapinduzi Makubwa. Mchimba kaburi amepiga goti moja, anamsubiri padri amalize. Wabeba jeneza wamegeuza nyuso upande. Mbwa anaangalia anakojua mwenyewe. Na hapo ndipo penye jambo: hakuna macho mawili yanayotazama kitu kimoja. Huyu anasoma, yule analia, mwingine yuko mbali kabisa kimawazo. Yeyote aliyewahi kusimama makaburini anaijua hali hii. Yupo anayelia, yupo anayeangalia saa, yupo anayemnong'oneza mwenzake kuhusu shamba.

Hakuna mshazari. Hakuna kilele. Vichwa vyote viko usawa mmoja, na nyuma yao majabali nayo yamekatwa bapa kana kwamba mtu kapitisha rula. Kitu kimoja tu kinapenya juu, msalaba kwenye mti mrefu, nao ni mwembamba na umesukumwa pembeni. Katika picha za mazishi za zamani, kama ile ya El Greco iliyoko Toledo, mbingu hufunguka na roho ya marehemu ikapokelewa na malaika. Hapa mbingu ni kijivu na imefungwa. Wanasema Courbet aliulizwa kuhusu malaika, akajibu kwamba aletewe mmoja atamchora.

Kitu pekee ambacho mistari yote inakuelekeza kiko chini, katikati, mbele kabisa: shimo. Na ukingo wa chini wa turubai umelikata hilo shimo, hivyo nusu yake iko upande wetu. Ukisimama mbele ya picha umesimama kaburini. Géricault alikupa upeo wa macho na kidoa cha meli. Courbet anakupa udongo na fuvu la mtu wa zamani lililofukuliwa pembeni.

Picha ilipoonyeshwa kwenye Salon ya 1850 hadi 1851, wahakiki wa Paris walikasirika, na hasira yao inafundisha kuliko sifa za waliompenda. Walisema ni ubaya mtupu. Walisema amewadhihaki watu wa dini, kawadhihaki na wanakijiji wenyewe. Lakini pua nyekundu za wahudumu wa kanisa zilikuwepo kwenye picha ndogo za Waholanzi kwa miaka 200, watu wakicheka na kununua. Courbet angeichora kwa ukubwa wa meza ya chai wangempigia makofi. Kosa lake lilikuwa zile mita. Géricault alikuwa amewaombea maskini ruhusa kwa kuwavalisha suti. Huyu kawaleta walivyo, na makoti yao meusi ya Jumapili, akapita mlangoni bila kumsalimia mlinzi. Tena makoti hayo yenyewe yaliwasumbua. Mtu wa Paris alitegemea mwanakijiji avae vya kijijini ili ajulikane ni mwanakijiji. Hawa wamevaa kama yeye.

Hapa ndipo mistari minne ya darasani inaponishinda kabisa. Eti uhalisia ni kuonyesha maisha kama yalivyo. Mazishi haya hayakuonekana hivi siku yoyote. Watu wa Ornans walikuja mmoja mmoja kwenye studio ya Courbet, chumba kidogo ambacho hakikumruhusu hata kurudi nyuma akaitazama kazi yake yote, wakasimama wakachorwa, wakaondoka. Dada zake wamo. Na kule mwisho kabisa kushoto kuna babu yake mzaa mama, mzee Oudot, ambaye alikuwa amefariki Agosti 1848. Naam. Picha iliyoubatiza uhalisia ina marehemu aliyesimama wima kati ya waombolezaji. Wakati Géricault aliyehoji mashahidi na kulala na viungo vya maiti tunamwita mlimbwende, huyu aliyemfufua babu yake tunamwita mwanauhalisia.

Na bado majina hayo yako sawa! Ndiyo maana nasema kipimo si utafiti, wala wingi wa damu. Courbet alimfufua babu, lakini hakumpa mwanga wa pekee, hakumpandisha juu ya wengine. Kamweka kwenye foleni. Uhalisia wake uko kwenye hiyo foleni.

Ushahidi mwingine ni Wapasua Mawe, aliyoichora 1849 kabla tu ya Mazishi. Mzee na kijana wanaponda kokoto za barabara, mmoja ni mzee mno kwa kazi hiyo na mwingine ni mdogo mno. Aliwakuta njiani akawaomba waje studioni. Nyuso zao hazionekani: mmoja amefunikwa na kofia, mwingine ametupa kisogo. Mlimbwende asingeweza kujizuia. Angempa yule kijana jicho moja la kutugeukia, tone moja la jasho liking'aa. Courbet anatupa viraka, soksi zilizotoboka na sufuria ya chakula cha mchana. Picha hiyo iliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden, kwenye mabomu ya mwisho wa vita, tumebaki na vivuli vyake vya kamera.

Watu hupenda kumweka Jean-François Millet kwenye benchi moja na Courbet. Waokota masuke wake wa 1857, wanawake watatu wanaoinama kuokota mabaki baada ya mavuno ya mwenye shamba, ni picha nzuri na ilitisha matajiri wa wakati wake. Lakini tazama ule mwanga, tazama migongo ile iliyochongwa kama sanamu. Millet alizaliwa shambani, aliijua kazi ile kuliko Courbet, na bado alitaka kuwafanya watakatifu. Kwangu mimi yeye ni mlimbwende aliyevaa kiatu cha mbao. Wapo watakaonipinga kwa hili, karibuni.

Kwa nini niwachoshe wasomaji wa fasihi kwa turubai za Wafaransa? Kwa sababu istilahi hizi tulizichukua na tunazitumia kila siku, na tunazitumia vibaya. Riwaya ikitaja mtaro unaonuka, changudoa na polisi mla rushwa kwenye sura ya kwanza, mhakiki anaandika "uhalisia" na kwenda kulala. Jamani, Géricault naye alikuwa na maiti. Swali langu kwa riwaya ya namna hiyo ni jingine: yule mtoto wa mtaani anapokufa kwenye sura ya 12, mwandishi kamuua ili iweje? Mara nyingi kamuua ili mhusika mkuu azinduke, au ili sisi tulie halafu tujisikie watu wema. Maiti imegeuzwa ngazi. Huo ni ulimbwende, hata mtaro ungenuka vipi. Nao si dhambi, ilimradi tuuite kwa jina lake na tuulize kama mwandishi ameufanya kwa shaka ya Géricault, na tanga linalokwenda kinyume, au kwa mkato tu. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ilikatazwa mashuleni kwa muda, na naisoma hasira ile kama ndugu wa hasira ya Salon: mambo yenyewe yalijulikana na kusimuliwa vibarazani siku zote, kilichoudhi ni kwamba yamepewa riwaya nzima, na msichana hakuvalishwa suti kwanza.

Nilisema nitamrudia Delacroix. Mwaka 1855 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Delacroix, sasa mtu mzima mwenye heshima zake, alipewa nafasi ya kuonyesha kazi za maisha yake yote. Courbet alikubaliwa baadhi ya picha, lakini Mazishi yakakataliwa, pamoja na turubai lake jipya kubwa kuliko yote, Studio ya Mchoraji. Akajenga banda lake mwenyewe jirani na maonyesho rasmi, akaweka kiingilio, akaliandika jina la Uhalisia. Lakini kwenye kijitabu cha banda hilohilo akalalamika kwamba jina la mwanauhalisia alibandikwa tu, kama watu wa 1830 walivyobandikwa jina la walimbwende. Baadaye akaja kujigamba kwamba yale mazishi ya Ornans yalikuwa kwa kweli mazishi ya ulimbwende. Courbet hakuwahi kukosa la kusema juu ya Courbet.

Watu hawakujaa kama alivyotarajia. Kiingilio kikashushwa. Siku moja mapema mwezi Agosti Delacroix akaingia, akaandika ziara hiyo kwenye shajara yake. Alikaa peke yake karibu saa nzima. Ile Studio iliyokataliwa aliiona kuwa kazi kuu ya kweli. Kwenye Mazishi alilalamika kwamba watu wamerundikana, mpangilio haujakaa sawa, lalamiko ambalo mtu wa piramidi angelitoa tu. Ila alisifu vipande: mapadri, watumishi wa altare, chombo cha maji ya baraka, wanawake wanaolia. Alikuwa na miaka 57. Yule kijana aliyewahi kulala kifudifudi akijifanya maiti kwenye chelezo cha Géricault, amesimama ukingoni mwa lile shimo, banda tupu, anahesabu nani analia.